Uchochoro wa Mwenyekiti

Kwa miaka thelathini na moja mtu yule alikaa nyuma ya dirisha la pili la posta akigonga muhuri, na alikuwa anajua kuugonga. Wenzake waligonga tu, po po po, kama watu wanaotwanga. Yeye aliunyanyua muhuri hadi usawa wa sikio, akaitazama bahasha kwa jicho kali, akasita kidogo, kisha akaushusha kwa kishindo kimoja kilichowafanya watu wa foleni washtuke. Mtaa mzima ulimwita Bwana Muhuri, na yeye hakulichukia jina hilo. Alilichukulia kama cheo.

Siku aliyostaafu alipewa saa ya ukutani na maneno matamu, akarudi nyumbani. Hapo ndipo taabu ilipoanza, si kwake yeye bali kwa mkewe.

Mkewe alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, mwanamke wa mikono myepesi na maneno machache, na bado alikuwa kazini. Jioni moja alirudi akakuta makopo yote ya jikoni yamebandikwa vikaratasi: SUKARI, CHUMVI, MAJANI YA CHAI, na moja limeandikwa MENGINEYO. Wiki ya pili akakuta ratiba ya kuoga imebandikwa kwenye mlango wa bafu. Wiki ya tatu Bwana Muhuri alimsimamisha mlangoni akiwa na saa mkononi, akamuuliza kwa nini amechelewa dakika ishirini, na kama ana maelezo yoyote.

"Mume wangu," alisema mkewe huku akivua viatu, "Jumamosi kuna mkutano wa wazazi kule shuleni kwa mjukuu wako. Nenda."

"Mimi si mzazi wake. Mimi ni babu yake."

"Wazazi wake wanafanya kazi mji mwingine, na mtoto anaishi hapa, anakula hapa, na anaoga kwa ratiba yako. Nenda, nakuomba. Nakupigia magoti."

Akaenda. Wazazi walikuwa kumi na wanne, watatu kati yao wamesinzia. Mwalimu Mkuu, mtu mpole mwenye macho ya uchovu wa miaka mingi, alisema shule inatafuta mwenyekiti wa kamati, na papo hapo kila mzazi akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake. Bwana Muhuri alisimama. Alikuwa amesimama ili aulize kwa nini madirisha yamefungwa ilhali kuna joto. Lakini Mwalimu Mkuu, aliyekuwa na hamu ya kwenda zake nyumbani, aliwahi kupiga makofi, na wengine wakamfuata kwa nguvu za watu walionusurika ajali.

Hivyo ndivyo Bwana Muhuri alivyokuwa Mwenyekiti.

Nyumbani makopo yakapumua. Shuleni mambo yakaanza. Katika droo ya ofisi ya kamati, chumba kidogo kilichokuwa zamani stoo ya mafagio, Mwenyekiti alikuta waraka wa serikali ambao hakuna aliyewahi kuufungua. Ndani yake mlikuwa na maneno matatu yaliyomwingia moyoni moja kwa moja: ushirikishwaji wa jamii. Alilitafuna neno lile la kwanza taratibu, kama pipi. U-shi-ri-ki-shwa-ji. Lilikuwa refu, lilikuwa na uzito, na mtu akilitamka vizuri watu walikaa kimya wakingoja liishe.

Kuanzia siku hiyo jamii ikashirikishwa. Ilishirikishwa kila Jumamosi ya pili ya mwezi, saa tatu kamili asubuhi, kwa kukaa kwenye viti vya plastiki na kusikiliza. Kulikuwa na daftari la mahudhurio, na kulikuwa na daftari la kuandika waliosahau kusaini daftari la mahudhurio. Kulikuwa na sanduku la maoni lenye kufuli, na ufunguo wake alikaa nao Mwenyekiti mwenyewe. Mwezi wa kwanza alilifungua mbele ya mashahidi wawili, akakuta karatasi nne za pipi, kijiti cha kiberiti, na barua moja fupi ya mwandiko wa kitoto: Vyoo vya wasichana havina milango. Aliisoma barua ile mara mbili, akaisifu kwa usafi wake, akaitoboa matundu mawili na kuiweka kwenye faili lililoandikwa MAONI YA JUMLA.

"Milango je?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Suala limepokelewa," alisema Mwenyekiti.

Ukimsikiliza ungedhani shule ile ilikuwa imezaliwa upya. Wazazi waliokuwa na ujuzi wa kazi waliombwa wajaze fomu za kueleza ujuzi wao, fomu zikakusanywa, zikafungwa kwa uzi. Seremala aliandika kwamba anaweza kutengeneza milango. Fomu yake ilikuwa ya tisa kutoka juu.

Basi siku moja ikaja habari kwamba Afisa Elimu atatembelea shule za eneo lile, ajionee namna zinavyofanya kazi na majirani zake, na kwamba kila shule iandae jambo moja lililofanywa na wanafunzi pamoja na watu wa mtaani. Mwenyekiti hakulala vizuri kwa furaha. Aliitisha kikao cha dharura siku hiyo hiyo.

Kwenye kikao alikuwepo mwalimu wa Maarifa ya Jamii, mwanamke kijana, mfupi, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi watu wainame kumsikiliza. Alisema angependa darasa la sita wachore ramani ya mtaa. Watoto wangegawanyika makundi, wakaenda nyumba kwa nyumba, wakawauliza wenyeji: mtoto wenu anapita wapi kwenda shule, ni hatua ngapi, na ni wapi panamtia hofu. Kisha wangeyaweka yote kwenye karatasi moja kubwa.

"Mtoto hawezi kujifunza jamii akiwa amekaa," alimalizia. "Lazima aitembelee."

Mwenyekiti aliyaandika maneno hayo ili ayatumie baadaye kama yake.

"Nakubali kwa asilimia mia," alisema. "Lakini ramani isiyo na alama muhimu ni picha tu. Kwa hiyo natoa agizo. Nyumba ya Mwenyekiti ionekane. Iwe kubwa, iwe na rangi inayovutia, mgeni akiingia tu jicho limwendee pale. Andikeni kwa herufi kubwa."

Mwalimu aliinua kalamu. "Una uhakika, Mwenyekiti?"

"Binti yangu, mimi si mtu wa kujificha."

"Basi tutafanya hivyo," alisema mwalimu, akaandika, na Mwalimu Mkuu akawa ghafla na shughuli nyingi na kalamu yake iliyokuwa haina tatizo lolote.

Watoto wakamwagika mitaani. Walikuwa na kamba za kupimia, madaftari, na ule ujasiri wa watoto waliopewa ruhusa na mtu mzima. Walihesabu hatua kwa sauti. Waliwagongea watu waliokuwa hawajawahi kugongewa na shule isipokuwa kwa kudaiwa michango. Mama mmoja wa kufua nguo aliwashikilia nusu saa nzima akiwaeleza habari za mtaro ule unaofurika, na alipomaliza aliuliza kama watarudi kesho, maana bado alikuwa na mengine. Kwa kifupi, watu walizungumza. Ilionekana walikuwa na maneno mengi mdomoni kwa muda mrefu, ila hakuna aliyewauliza.

Mjukuu wa Mwenyekiti alikuwa kwenye kundi la tatu. Alikuwa mtoto mwembamba, wa meno makubwa, mwenye tabia ya kuuliza swali, kupokea jibu, kisha kuliuliza lile jibu swali jingine. Kundi lake lilipangiwa upande wa nyuma ya nyumbani kwao, ambako palikuwa na karakana ya seremala.

Seremala alizima mashine, akapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Watoto wa huku nyuma wanapita wapi kwenda shule?" aliuliza mjukuu, kalamu tayari.

"Sasa au zamani?"

"Kwani kuna zamani?"

Seremala akacheka, akawapeleka hadi nyuma ya benchi lake la kazi, akauonyesha kwa kidole ukuta wa matofali uliokuwa umeshikamana na ukuta wake bila hata nafasi ya kupitisha mkono. "Hapa palikuwa na uchochoro, mwanangu. Ulikuwa unatoka kule juu kwenye kisima, unapita hapa, unatokea mbele ya geti la shule. Mwalimu wenu wa hesabu, yule mzee, alikuwa anapita kila asubuhi ananiazima gazeti. Ni miaka minane sasa."

"Ukaenda wapi?"

"Haukuenda popote. Umo humo ndani, upande wa pili. Nadhani kuna kuku."

Mjukuu aliutazama ukuta ule kwa makini. Aliujua vizuri, ila kwa upande mwingine. Ni yeye aliyekuwa akiwapa kuku wale maji.

Jioni hiyo alimkuta bibi yake akipanga vyombo.

"Bibi, uchochoro wa nyuma ulikuwa wa nani?"

Mkewe Mwenyekiti hakugeuka. "Muulize babu yako," alisema. "Na atakachokujibu kiandike."

Babu alikuwa barazani na gazeti.

"Babu, ule uchochoro ulikuwa wetu?"

"Uchochoro gani?"

"Wenye kuku."

Mwenyekiti alikunja gazeti mara mbili. "Ule ulifungwa kwa sababu za usalama."

"Usalama wa nani, babu?"

"Wa jamii."

"Jamii ipi?"

"Jamii ni jamii, mjukuu wangu! Walikuwa wanapita vijana wasio na kazi."

"Na wanafunzi?"

"Wanafunzi nao walikuwa wanapita, lakini kwa kelele."

Mjukuu akaandika yote, neno kwa neno, akaweka nukta. Babu yake aliona kalamu ikikimbia, akalikunjua tena gazeti lake.

Ukweli ni kwamba uchochoro ule haukuwa kwenye kiwanja chake, na hati ilikuwa kwenye faili lake mwenyewe, imetobolewa vizuri matundu mawili. Alipojenga ukuta, mafundi walimuuliza mwisho uko wapi, naye akaonyesha kwa mkono, na mkono wake siku hiyo ulikuwa mkarimu kwa mwenyewe. Majirani walilalamika. Aliwaandikia barua. Barua zake zilikuwa ndefu na safi kiasi kwamba watu walichoka kabla ya kufika mwisho, na mwisho ndipo palipoandikwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Wakazoea kuzunguka. Watoto wakawa wanatoka hadi barabara kubwa, wanakata kona ya gereji ambako malori hugeuzia, kisha wanarudi chini kuelekea shuleni. Miaka minane si haba. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amesahau kabisa kwamba pale paliwahi kuwa na kitu kingine zaidi ya kuku.

Siku ya Afisa ikafika. Viti vilipangwa, meza ikatandikwa kitambaa, na Mwenyekiti akavaa suti aliyostaafia. Ukumbi ulikuwa darasa la sita lenyewe, madawati yamesogezwa kando. Kwenye ukuta wa mbele kilining'inia kitu kikubwa kilichofunikwa kwa shuka. Mara tatu alijaribu kulichungulia, na mara tatu mwalimu wa Maarifa alimwomba kwa sauti yake ile ya chini angoje na wageni wengine.

Afisa Elimu alikuwa mwanamama mnene, mchangamfu, mgeni kabisa katika eneo lile, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Mkewe Mwenyekiti alikaa safu ya nyuma na sare yake ya kliniki, maana alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja.

Saa hiyo nzima nusura imezwe na mumewe. Alizungumza dakika arobaini na tano. Alisema neno jamii mara nyingi mno, hata watoto wa darasa la nne waliokuwa wamekaa chini wakaanza kuhesabu kwa vidole, wakaishiwa vidole, wakaanza kuazimana. "Mtoto hawezi kujifunza jamii akiwa amekaa!" alinguruma, na mwalimu wa Maarifa akainamisha kichwa kutazama viatu vyake.

Kisha shuka likavutwa.

Ilikuwa kazi nzuri, hakuna aliyebisha. Karatasi za manila kumi na mbili zilikuwa zimeunganishwa kwa gundi. Mitaro ilikuwa ya buluu, nyumba za kahawia, shule ya kijani. Na kutoka kila nyumba yenye mwanafunzi ulitoka uzi wa sufu, umebandikwa juu ya njia anayopita mtoto huyo hadi shuleni. Nyuzi thelathini na nane, kila moja na rangi yake. Zilianza zimetawanyika, zikakaribiana, zikaja zote kwa pamoja kuelekea shule kama maji yanayoteremka, halafu, hatua chache tu kabla ya kufika, zikagonga kiboksi kikubwa chekundu, zikapinda ghafla, zikapanda juu hadi barabara kubwa, zikakizunguka chote, zikateremka upande wa pili zikiwa fundo moja nene. Katikati ya kiboksi palikuwa na maandishi ya herufi kubwa.

Afisa alivaa miwani yake na kusogea karibu. Hakuona maandishi, fundo la nyuzi lilikuwa limebanduka na kuyaangukia.

"Vizuri sana, vizuri mno," alisema. "Na hapa katikati ni nini hapa, panapozungukwa na kila mtu? Ni mzunguko wa magari?"

Seremala, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoa mlio mdogo puani, na hiyo ikatosha. Darasa lote lililipuka. Wazazi walishikana mabega. Mwalimu Mkuu alijifanya anakohoa, akakohoa hadi machozi yakamtoka.

"Si mzunguko, mama," alisema mjukuu, aliyekuwa amesimama kando ya ramani na fimbo ya kuonyeshea. Hakuwa anacheka. "Ni nyumba ya Mwenyekiti."

"Oh," alisema Afisa.

"Zamani palikuwa na uchochoro. Kutoka kwa seremala hadi getini ni hatua mia mbili na kumi. Tulipima juu ya ukuta kwa kamba. Sasa ni hatua elfu moja na arobaini, na inapita kwenye kona ya gereji. Hapa." Aligusa ramani kwa fimbo. "Hapa tumeweka msalaba mwekundu kwa sababu mwaka jana mwanafunzi wa darasa la pili aligongwa na pikipiki akavunjika mguu. Tulimuuliza mama yake kama tunaweza kuuweka, akasema tuuweke."

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa. Wengi walimjua mtoto yule. Mwenyekiti alimjua pia. Alikwenda kumwona hospitali akiwa na kamati nzima na mfuko wa machungwa, akapigwa picha ameushika mkono wa mtoto, na picha ile ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, chini yake ikisomeka: MWENYEKITI YUPO PAMOJA NA JAMII.

Mwenyekiti alimtafuta mkewe kwa macho. Mkewe alikuwa anamtazama moja kwa moja, hana hasira, hana huruma, kama anavyomtazama mtoto anayekataa sindano ambayo lazima achomwe.

Hapo sasa utamjua mtu. Mwingine angeomba radhi. Mwingine angekula kona. Bwana Muhuri alisimama, akafunga kifungo cha koti, akanyanyua mkono hadi usawa wa sikio.

"Mheshimiwa Afisa," alisema, "nilikuwa nangoja wakati huu. Niliagiza mwenyewe nyumba yangu iwekwe kwenye ramani, mwalimu ni shahidi. Kwa nini niliagiza? Ili jamii ione! Kiongozi lazima aanze na ukuta wake! Hivyo basi natangaza rasmi leo, mbele yenu, kwamba uchochoro utafunguliwa!"

Afisa, ambaye hakuelewa nusu ya mambo lakini alifurahishwa na mwisho wake, alipiga makofi. Wengine walipiga pia, maana ahadi ni ahadi hata ikitoka mdomo gani. Mkewe alifunika uso kwa viganja vyote viwili, na hakuna aliyejua alikuwa analia au anafanya nini huko ndani.

Wiki ya kwanza Mwenyekiti aliunda kamati ndogo ya uchochoro. Wajumbe walikuwa yeye, Mwalimu Mkuu, na katibu, ambaye alikuwa yeye tena. Wiki ya pili kamati ilijadili jina: Njia ya Jamii au Barabara ya Ushirikishwaji. Mwalimu Mkuu aliuliza kama haifai kubomoa kwanza halafu kutafuta jina. Akaambiwa asiwe na papara. Wiki ya tatu ilitoka rasimu ya kanuni: njia ingefunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ingefungwa saa mbili, ingefunguliwa tena mchana, wapitaji wasiimbe, wasikimbie, wasizungumze na kuku.

Mkewe aliisoma rasimu ile mezani, akaiweka chini ya kikombe.

"Mume wangu, watoto bado wanapita kwa malori."

"Jambo liko kwenye utaratibu."

"Wiki hii nimewafunga vidonda watoto wawili. Walianguka pale kona wakikimbia lori."

"Unaona? Wanakimbia. Ndiyo maana nimeweka kifungu cha kutokimbia."

Mkewe aliinuka, akajifunga kitenge, akatoka kwenda kwa seremala.

Jumamosi asubuhi Bwana Muhuri aliamshwa na kishindo. Alidhani ni ngurumo. Kikafuata kingine, na kingine, na kuku wakaanza kupiga kelele za mwisho wa dunia. Alitoka barazani na nguo za kulalia, mswaki mdomoni, akakuta nyuma ya nyumba yake pamejaa watu. Seremala alikuwa na nyundo kubwa. Mama wa kufua nguo alikuwa na beleshi. Walikuwepo wazazi ambao hawajawahi kukanyaga mkutano hata mmoja, wasiojua daftari la mahudhurio lina rangi gani, na walikuwa wanafanya kazi kwa bidii ambayo hakuna fomu iliyowahi kuwauliza. Watoto walibeba matofali kwa mstari, wakipokezana. Mwalimu wa Maarifa alikuwa amekumbatia kuku wawili, mmoja kila kwapa. Na mkewe, mikono ya blauzi imekunjwa hadi kwenye viwiko, alikuwa anawaelekeza mahali pa kupiga.

"Simameni!" alipiga kelele, povu la dawa ya meno likimruka. "Hakuna kibali! Nani ametoa kibali?"

"Mimi," alisema mkewe.

"Kwa mamlaka gani?"

"Matofali nilinunua mimi, kwa mshahara wangu. Au umesahau? Faili lipo, nikuletee?"

Seremala aliegemea nyundo, akatazama juu mawinguni kwa heshima, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kuvaa.

Mwenyekiti aliutazama ukuta. Tayari ulikuwa na tundu la kupitisha mlango, na kupitia tundu lile aliona, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane, geti la shule likiwa karibu mno, karibu kiasi cha kutia aibu. Ungeweza kurusha jiwe likagonga. Alisimama hapo na mswaki wake kwa muda mrefu kuliko watu walivyotarajia, na midomo yake ikacheza kana kwamba anataka kusema neno fupi la kawaida tu, ambalo wengi walikuwa tayari kulipokea. Mjukuu wake alisogea karibu ili alisikie.

"Haiwezekani," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "haiwezekani kufungua njia bila utepe."

Watu wakatazamana.

"Mpeni utepe," alisema mkewe.

Hapakuwa na utepe. Mkewe aliingia ndani, akarudi na mkoba wake wa kazini, akatoa bandeji nyeupe, akaishikiza upande mmoja kwenye matofali yaliyobaki na upande wa pili akampa mama wa kufua nguo aushike. Mwenyekiti alikwenda kuvaa suti. Walimngoja, maana walikuwa wamechoka na kupumzika hakukuwa vibaya. Alirudi, akazungumza dakika kumi, akakata bandeji kwa mkasi wa kliniki. Kabla vipande havijagusa ardhi, watoto walikuwa wamekwishapita wote upande wa pili, wanaimba na kukimbia, na yule mdogo wao alisimama kidogo kuzungumza na kuku.

Kona ya gereji ikabaki kuwa ya malori. Mtoto wa darasa la pili, ambaye sasa yuko la tatu, hupita uchochoroni taratibu na mguu wake unaovuta kidogo, na asubuhi nyingine mkewe Mwenyekiti humsindikiza hadi getini kabla ya kwenda kazini. Wale waliokuja na nyundo waliendelea kuja. Waligundua kwamba shule iko karibu hivyo, na kwamba hakuna anayewazuia kuingia na misumari mfukoni. Mwezi haukuisha seremala akawa ameweka milango ya vyoo vya wasichana, bila kikao, Jumapili moja mchana. Mwalimu wa Maarifa hakupata barua ya pongezi. Barua ililetwa kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti aliitia kwenye fremu. Uchaguzi wa kamati ulipofika alirudi kwenye kiti bila mpinzani. Watu walisema mtu yule hana madhara tena, na tena anapenda vikao, sasa nani mwingine atavikaa?

Mwaka uliofuata walikuja walimu wakuu sita kutoka shule za mbali, wametumwa kujifunza. Mwenyekiti aliwatembeza uchochoroni mwenyewe, mikono nyuma, akiwaonyesha mahali ukuta ulipokuwa, upana, urefu, hatua mia mbili na kumi. Aliwakalisha barazani. Mmoja wao, mzee mwenye daftari, aliuliza swali ambalo wote walikuwa nalo.

"Mwenyekiti, kwetu sisi tatizo huwa ni mwenye kiwanja. Huyu wa hapa mlimshawishi vipi?"

Bwana Muhuri alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Alikuwa mtu mgumu sana," alisema. "Mkaidi, mbinafsi, haambiliki. Lakini nilikaa naye, nikazungumza naye kwa upole, mwisho akaelewa."

Wageni waliandika. Mkewe, aliyekuwa anatoka na sinia la maji ya kunywa, alisimama mlangoni, akageuka na sinia lake akarudi ndani, na kutoka jikoni kikasikika kicheko kirefu ambacho Mwenyekiti aliwaeleza wageni kuwa ni cha redio.